Haki ya Njia na Mwenye Kutazama Mashindano ya Magari

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Usiku mmoja, ilipokwisha darsa yetu ya baada ya sala ya Isha, kijana mmoja katika wanafunzi wetu alibaki nyuma wenziwe walipotoka, akatuuliza suala ambalo hatukuwahi kuulizwa. Alisema kwamba yeye na wenziwe walisafiri kutoka Mombasa mpaka Naivasha kwenda kutazama mashindano ya magari yaitwayo Safari Rally. Walisimama tangu asubuhi penye kona, juani na vumbini. Yakapita magari mengi, kila moja likipiga kona yake na kwenda zake, nao wakaanza kuchoka. Kisha likaja gari moja likaserereka, likagonga jiwe, likapinduka mara mbili na kulala ubavu.

"Watu wote walipiga kelele za furaha, Maalim," alisema, "nami nilipiga. Niliruka juu. Kitambo kidogo ndipo nilipokumbuka kuwa ndani ya gari lile mna watu. Walitoka salama, alhamdulillahi. Lakini tangu siku ile najiuliza: nilikuwa nafurahia nini? Na je, nina dhambi?"

Hatukumjibu usiku ule, kwani tuliona suala lake ni zito kuliko linavyoonekana. Vijana wetu wengi huenda kutazama mashindano haya, na baadhi ya watu wazima pia. Na wasiokwenda hutazama michezo mingine ambayo ndani yake mtu huweza kuumia. Basi tumeona bora tulijibu katika kurasa hizi, ili lenye kufaa liwafae wote.

Mashindano haya si mageni katika nchi yetu. Yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Zama zile magari yalikwenda katika njia hizi hizi tupitazo sote, pamoja na mabasi na malori na ng'ombe, na katika miaka mingi yaliteremka kwa vilima vya Taita mpaka Pwani. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 na yakafika mwisho 7 tu. Na mwaka 1968 yakaondoka 93 na yakafika 7 vile vile. Joginder Singh, dereva na fundi wa hapa hapa Kenya, alishinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Na Shekhar Mehta akashinda mara tano, ya kwanza mwaka 1973 na ya mwisho mwaka 1982. Baada ya mwaka 2002 mashindano haya yalitolewa katika hesabu ya mashindano ya ulimwengu, kisha yakarudishwa mwaka 2021, na makao yake yakawa Naivasha. Siku hizi njia hufungwa, na kila gari hukimbia peke yake kwa kushindana na saa, likiachiwa dakika kadhaa nyuma ya lililotangulia ili vumbi litulie.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Sasa tutazame hukumu yake, na humo tumeona watu wakikosea kwa njia mbili.

Wa kwanza ni wale ambao, mara waliposikia suala hili, walisema kwa haraka: haya yote ni mchezo, na mchezo ni upuzi, na upuzi ni haramu, kisha wakafunga mlango. Sisi hatukubaliani nao. Kukiharamisha alichokiruhusu Mwenyezi Mungu ni kosa kama lilivyo kosa kukihalalisha alichokikataza. Imesihi katika hadithi kwamba Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi: wale waliokuwa wametengenezwa kwa mbio walikimbizwa kutoka Hafyaa mpaka Thaniyatul-Wadaa, na wale ambao hawakutengenezwa walikimbizwa kutoka Thaniya mpaka msikiti wa Bani Zuraiq, na Abdallah bin Umar (r.a.) alikuwa mmoja wa walioshindana. Wala ruhusa hii si ya mwenye kushindana peke yake. Siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao katika msikiti wa Mtume, na Bibi Aisha (r.a.) akawatazama, na Mtume mwenyewe akasimama kumsitiri. Twamwomba msomaji azingatie kwamba hakumharakisha. Alisimama mpaka bibi huyo alipokinai mwenyewe. Basi kutazama ustadi wa mwenye ustadi ni jambo lenye asili katika dini yetu, na mwenye kuliita haramu moja kwa moja ndiye atakiwaye kuleta dalili.

Pengine mtu atasema: farasi na mikuki yalikuwa ni mazoezi ya vita vya kuilinda dini, na gari la mashindano lina faida gani? Twasema faida ipo, ijapokuwa si hiyo. Gari lililovumilia mawe na matope ya njia zetu ndilo watu wa nchi hizi walilolijua kuwa ni gari. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na watu wengi waliichagua kwa kazi zao kwa sababu waliiona kwa macho yao ikifika ambako nyingine zilikwama. Ufundi, subira, kuijua njia na kuidhibiti nafsi wakati wa hatari si mambo ya kudharauliwa. Iliyo haramu bila ya shaka ni kamari, nayo siku hizi huchezwa kwa simu mtu akiwa ameketi barazani kwake. Awekaye fedha juu ya dereva huyu au yule amekula haramu, hata kama hajapata kuliona vumbi la Naivasha.

Kosa la pili ni laini zaidi, na kwa hivyo huingia moyoni bila ya kubisha hodi. Nalo ni la wale wasemao: "Sisi hatuendeshi, wala hatuchezi kamari, sisi twatazama tu." Katika neno hili "tu" ndimo ilimo mas'ala yetu yote. Je, mwenye kutazama yuko nje ya jambo alitazamalo? Je, jicho halina amali?

Qur'ani tukufu haisemi hivyo. Mwenyezi Mungu amelihesabu jicho pamoja na sikio na moyo katika vitu vitakavyoulizwa. Na katika Suratul-Buruj, alipowataja watu wa mahandaki waliowachoma waumini kwa moto, hakutaja moto peke yake. Alitaja pia kwamba walikaa pale penye moto wakiwatazama. Hatusemi kwamba mtazamaji wa magari ni kama wale, hasha. Wale walitenda kisha wakatazama. Tusemalo ni kwamba kutazama nako huandikwa.

Na tukiacha dalili za kitabu tukaingia katika mambo yalivyo, tutaona kwamba mtazamaji wa mashindano haya hayuko nje kamwe. Dereva na mwelekezi wake huipita njia siku za mbele kwa mwendo wa taratibu, na mwelekezi huandika daftarini kila kona, kila kilima na kila kijito. Siku ya mashindano humsomea dereva maandishi yale, naye huenda kwa kuyaamini. Lakini njia waliyoiandika ilikuwa tupu. Siku ya pili watu wamejaa. Wamesimama juu ya ule ule ukingo ambao dereva aliushika kuwa ndiyo alama ya kona. Hivyo watazamaji wameifuta alama na kuweka ukuta wa watu mahali pake. Na gari liendalo kilomita 120 kwa saa hukata zaidi ya mita 33 katika sekunde moja. Mtu hawezi kumaliza kusema Bismillahi ila limekwisha kumpita, au limekwisha kumfikia.

Tarehe 5 Machi 1986, katika vilima vya Sintra karibu na Lisbon, nchi ya Ureno, haya yalionekana kwa macho. Watu wa huko walikuwa na ada ya kusimama katikati ya njia na kuruka pembeni gari lilipokaribia. Na wengine walinyosha mikono ili waliguse likipita, wakaona huo ni ushujaa. Siku hiyo dereva mmoja Mreno, katika kuwaepa watu waliokuwa njiani, gari lilimshinda likaingia katika kundi la watu. Watatu wakafa, na zaidi ya 30 wakajeruhiwa. Madereva wakubwa wa makampuni ya magari wakakataa kuendelea na mashindano. Mwezi Mei wa mwaka huo huo, katika kisiwa cha Corsica, dereva Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto wakafa garini mwao, na magari ya daraja ile yenye nguvu nyingi yakapigwa marufuku katika mashindano ya ulimwengu kuanzia mwaka 1987. Wala msomaji asidhani kwamba hayo yalikwisha zamani. Tarehe 31 Mei 2014 watazamaji watatu waliuawa huko Scotland katika Jim Clark Rally.

Basi twauliza: katika Sintra, nani alikuwa "akitazama tu"? Aliyemzibia dereva njia alikuwa mtazamaji. Aliyekufa alikuwa mtazamaji. Na dereva, ambaye twasema ndiye mtendaji, alikuwa akijaribu kuwaokoa.

Kwa hivyo mas'ala haya hayaamuliwi kwa kuuliza: mchezo huu ni halali au haramu? Yaamuliwa kwa kuuliza: mtu akisimama njiani, anadaiwa nini? Na suala hili limekwisha kujibiwa tangu zama za Mtume. Katika hadithi ya Abu Said al-Khudri (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume aliwatahadharisha sahaba zake na kukaa njiani. Wakamwambia kwamba hawana budi na mabaraza hayo, kwani ndimo wanamozungumzia mambo yao. Akawaambia kwamba ikiwa hawana budi, basi waipe njia haki yake. Wakauliza haki ya njia ni nini. Akawatajia mambo manne: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitikia salamu, na kuamrisha mema na kukataza mabaya.

Sisi watu wa Pwani twaijua sana hadithi hii, kwani sisi ni watu wa baraza. Walakini twaisoma kama kwamba yahusu vibaraza vya mitaa yetu tu. Kilima cha Naivasha chenye watu elfu waliokaa kuitazama njia ni nini ila ni baraza kubwa? Na haki zake ni zile zile nne. Tuzitazame moja moja.

Kuinamisha macho. Watu wengi hufahamu hapa kumwinamishia macho mwanamke asiye maharimu, na ni kweli, na mikusanyiko ya siku hizo ina fitina ya namna hiyo na ya ulevi, wala hatuna haja ya kulificha linalojulikana. Lakini jicho lina njaa nyingine pia. Gari likipinduka, watu huteremka mbio, na kila mmoja amenyanyua simu yake. Aliyemo ndani kichwa chini miguu juu hajui kama mwenziwe wa kiti cha pili yu hai, na huku nje watu mia wampiga picha. Uso wa mtu katika saa ya hofu yake ni sitara yake. Mwenye kumsaidia na akaribie. Asiyeweza kusaidia na aliinamishe jicho lake na simu yake, awapishe wenye kazi.

Kuzuia udhia. Hii ndiyo haki kubwa katika mas'ala yetu. Mtume aliamrisha kwamba mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale aishike ncha zake, asije akamjeruhi mtu. Tazama jinsi udhia ulivyozuiwa hata pale ambapo hakuna aliyekusudia ubaya. Basi asimamaye nje ya kona, upande ambao gari hutupwa likishindwa, amejifanya yeye mwenyewe kuwa ncha ya mshale: amejidhuru nafsi yake, na amemtia dereva katika khiari ya kuua au kufa. Avukaye utepe uliowekwa na wasimamizi asijidanganye kwamba amevunja sheria ya serikali tu. Amevunja amana ya roho za watu. Ambebaye mtoto begani na kumweka mbele ili aone vizuri, mtoto yule hakuchagua. Na udhia hauishi kwa roho. Njia za mashindano hupita katika malisho ya watu na katika hifadhi za wanyama, Soysambu na Hell's Gate na kwingineko. Mfuko wa plastiki unaouacha pale, kesho huliwa na ng'ombe wa mtu ambaye hata hakuja kutazama.

Kuitikia salamu. Pengine msomaji atashangaa: salamu ina nini na mashindano ya magari? Salamu ni kumjulisha mtu kwamba amesalimika nawe. Tukienda Naivasha sisi ni wageni. Mfugaji wa Kimasai ambaye tumeikanyaga nyasi yake, mama auzaye mahindi ya kuchoma njiani, msimamizi aliyesimama juani tangu alfajiri akitusihi turudi nyuma, wote hao wana haki ya kusalimika na ndimi zetu na mikono yetu. Tumesikia kwamba baadhi ya vijana huwatukana wasimamizi na kuwafanyia mzaha. Huyo unayemtukana amesimama baina yako na jeneza lako.

Kuamrisha mema na kukataza mabaya. Kwa wengi wetu kazi hii ni ya mimbari. Lakini pale penye kona ni neno moja la mtu na mwenziwe: "Ndugu yangu, hapa si pahali; tupande juu." Neno hili ni zito kulisema, kwani mwenye kulisema huitwa mwoga. Ada ya Sintra haikuanza kwa watu elfu. Bila shaka alianza mmoja, akasifiwa, akafuatwa. Na kila aliyemsifu alikuwa na fungu lake.

Sasa turudi kwa kijana wetu, maana bado hatujamjibu. Yeye hakusimama pabaya. Alisimama nyuma ya utepe. Hakumtukana mtu wala hakuzuia njia. Lililomsumbua ni furaha iliyomruka moyoni gari lilipopinduka.

Twasema kwanza: alhamdulillahi kwa kuwa limemsumbua. Moyo usiosumbuka ndio wa kuliliwa. Na twasema pili: lile ruko la kwanza la moyo, inshallah, halina dhambi juu yake. Mtume ametubashiria kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma wake yale ambayo nafsi zao zawazungumzia, maadamu hawajayatenda wala kuyanena. Mwanadamu akiona jambo kubwa na la ghafula hupiga kelele kabla ya kujua ni kelele ya nini. Pengine ni ya hofu, naye akadhani ni ya furaha.

Lakini kuna jambo la pili baada ya lile la kwanza. Mtume alimwambia Sayyidna Ali (r.a.) kwamba asiufuatishe mtazamo kwa mtazamo, kwani wa kwanza ni wake na wa pili si wake. Hadithi hii ni ya macho, nasi twaona maana yake yafaa kwa moyo pia. Mruko wa kwanza ulikujia. Wa pili huuchagua. Mtu akichagua kona kwa sababu mwaka jana magari matatu yalianguka pale, huo si mruko wa moyo, hiyo ni niya. Akisubiri na kuona magari yanayopita salama yamchosha, hiyo ni niya. Akirudi nyumbani akawaonesha wenziwe picha ya gari linapinduka, na akairudia mara kumi kwa kicheko, hiyo ni amali iliyokamilika, na jina lake katika vitabu vyetu ni shamata: kufurahia msiba wa mwingine.

Wala asiseme mtu kwamba dereva yule si Mwislamu. Jeneza la Yahudi lilipopita, Mtume alisimama. Na alipoambiwa ni la Yahudi, aliwajibu kwa kuwauliza kama haikuwa nafsi. Na Ibn Umar alipowapita vijana waliomfunga kuku wakamfanya shabaha ya mishale, vijana walipomwona walitawanyika, naye akawajulisha kwamba Mtume amemlaani mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Ikiwa kuku ana heshima hiyo, mtu aliyemo garini ana heshima gani? Dereva hujitia hatarini kwa khiari yake, na hesabu yake ni juu yake. Lakini khiari yake si ruhusa ya sisi kumtamania aanguke.

Kwa hivyo tumempa kijana wetu mizani moja, nasi twampa kila msomaji, maana yafaa katika kila tamasha lenye hatari. Jiulize jioni, vumbi limetulia na watu wanarudi: lau magari yote yangepita salama, kila dereva akaonesha ustadi wake na kufika, ungerudi umeridhika? Ikiwa ndiyo, ulikuja kutazama ustadi, na huo ndio utazamaji wa Bibi Aisha. Ikiwa moyo wako wasema siku imepotea kwa kuwa hakuna aliyepinduka, basi hukuja kutazama mbio; ulikuja kungojea msiba, nao ukachelewa.

Yamebaki mambo mawili ambayo hatuwezi kuyanyamazia. La kwanza ni wakati. Mwaka 2024 mashindano yalikuwa tarehe 28 mpaka 31 Machi, na mwaka 2025 yalikuwa tarehe 20 mpaka 23 Machi, na miaka yote miwili siku hizo ziliangukia ndani ya Ramadhani. Na ule wa 2025 yaligusa kumi la mwisho. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza sala, walakini hana ruhusa ya kuiacha. Na ana ruhusa ya kufungua na kulipa, lakini asiifanye safari kuwa hila ya kula. Na hata tukimpa ruhusa zake zote, twamuuliza: usiku ambao wenzio wautafuta Lailatul-Qadr, wewe umelala kando ya njia ukingojea gari? Halali nyingi huwa nzuri kwa wakati wake, na kwa wakati mwingine huwa hasara.

La pili ni lile ambalo mtazamaji hurudi nalo. Kijana atazamaye ustadi wa watu waliojifunza miaka mingi, ndani ya magari yenye nguzo za chuma na mikanda ya kuwalinda, katika njia iliyofungwa, hurudi mjini akaikamata gari ya babake au pikipiki ya kukodi, akataka kuwafanya watu wa mtaani kuwa watazamaji wake bila ya kuwauliza. Katika kila mwaka wa 2021 mpaka 2024 zaidi ya watu 4,000 waliuawa katika barabara za Kenya. Hao hawakuvuka utepe wowote. Wengi wao walikuwa wakienda kazini, sokoni, au chuoni. Kwao nako njia ina haki yake.

Tulipomsomea kijana wetu maneno haya alinyamaza kitambo, kisha akatuuliza kama aweza kwenda tena. Tulimwambia: nenda, ikiwa hutopoteza faradhi wala haki ya mtu. Simama juu kilimani walipokuweka wasimamizi. Sali kwa wakati. Wasalimie wenye nchi. Wavute wenzio nyuma, ijapokuwa watakucheka. Na gari likipita salama, sema alhamdulillahi kwa sauti, ili moyo wako ujifunze kulifurahia hilo. Kisha jioni ipime nafsi yako kwa mizani ile; na ukiiona imehuzunika kwa kuwa hakuna aliyeanguka, mwaka wa pili kaa nyumbani.

Hayo ndiyo tuliyoyaona. Yakiwa sawa, ni kwa tawfiki ya Mwenyezi Mungu. Na yakiwa na kosa, ni letu, nasi twamkaribisha kila mwenye elimu kuturudi kwa dalili. Twamwomba Mola wetu ayahifadhi macho yetu, na nyoyo zilizo nyuma ya macho yetu, na awarudishe salama kwao wote walio njiani.

Wallahu aalam.